Saa za Mtoto Si za Kumjazia Mgeni

Kila mwaka vijana kutoka Ulaya na Marekani hufika Kakamega kujitolea kufundisha Kiingereza, na kila mwaka hupewa ushauri uleule. Mgeni amepokelewa gwarideni kwa wimbo. Amepewa kiti katika chumba cha walimu na vipindi vinne au vitano kwa wiki. Siku zilizosalia anashinda akitazama saa ya ukutani, na hatimaye anasema hana kazi. Hapo ndipo anaposhauriwa asingoje kupangiwa: aanzishe klabu ya kusoma, apange vile vitabu vilivyo kwenye maboksi viwe maktaba, awachukue watoto wakati wa michezo awafundishe nyimbo za Kiingereza, awaite walio nyuma saa ya chakula cha mchana. La muhimu, anaambiwa, ni kutokaa bure.

Wanaotoa ushauri huu wana sababu, na nitaieleza kama wanavyoieleza wenyewe. Wanasema darasa la watoto sitini au sabini lina mwalimu mmoja. Wengi wa watoto hao hawasomi kwa kiwango cha darasa lao, na hilo halina ubishi: uchunguzi wa Uwezo, ulioanza nchini mwaka 2009, ulionyesha katika miaka yake ya mwanzo kwamba takriban watoto watatu tu kati ya kumi wa darasa la tatu waliweza kazi ya darasa la pili. Kisha amekuja mtu aliyezaliwa katika Kiingereza, ana nguvu, ana moyo, na hadai mshahara. Kumwacha akae ni kupoteza bahati. Walimu wakuu wengi wanakubaliana nao, wazazi wanajivunia kwamba shule yao ina mzungu, na mgeni mwenyewe anarudi kwao akiamini kwamba alifanya jambo.

Mimi nasema ushauri huo ni mbaya, na unawaumiza watoto uliokusudiwa kuwafaa. Mgeni anapokosa kazi shuleni, maana yake ni kwamba nafasi aliyoletwa kuijaza haikuwepo. Akiamua kuzijaza saa zake, hana budi kuzijaza kwa saa za mtu mwingine, na mara nyingi mtu huyo ni mtoto.

1. Ratiba haikuwa na pengo

Tuanze na hesabu ambayo naibu wa mwalimu mkuu yeyote anaijua kwa moyo. Katika sekondari msingi, Kiingereza kina vipindi vitano kwa wiki, kila kimoja dakika 40. Shule yenye mkondo mmoja wa Gredi ya 7, ya 8 na ya 9 ina vipindi 15 vya Kiingereza kwa wiki nzima. Hivyo ndivyo vyote vilivyopo. Ratiba ya vipindi hivyo hupangwa kabla ya muhula kufunguliwa, na kila kipindi kina jina la mwalimu anayekifundisha, anayewajibika kwa matokeo yake na anayejua watoto walifika wapi wiki iliyopita. Mgeni anapokuja katikati ya muhula, hata akipewa vipindi vitatu tu, vipindi hivyo vimetolewa mkononi mwa mtu.

Tutazame pia wakati wanaokuja. Wengi huja Juni na Julai, kwa sababu ndiyo likizo ya vyuo vya kwao. Huo ni muhula wetu wa pili, muhula wa mitihani ya majaribio kwa watahiniwa wa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, na mwanzoni mwa Agosti shule zinafungwa. Ni muhula huohuo ambao vyuo vikuu vyetu hupeleka wanafunzi wa ualimu kwenye mazoezi ya kufundisha. Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, kilicho hapahapa mjini Kakamega, kinafunza walimu. Chuo cha walimu cha Eregi kiko Ikolomani. Kijana wa Masinde Muliro anayesomea Kiingereza na Fasihi analazimika kupata vipindi vya mazoezi ili ahitimu. Anazunguka kutoka shule hadi shule kuanzia Lurambi mpaka Malava akiomba vipindi, huku katika mojawapo ya shule hizo vipindi vitatu vimepewa mtu ambaye hatafundisha tena maishani mwake baada ya Agosti.

Wasemao kuna upungufu wa walimu wanasema kweli, ila wanauweka upungufu huo mahali pasipo pake. Kenya haina upungufu wa watu waliosomea ualimu. Kwa hesabu za Tume ya Huduma za Walimu (TSC) yenyewe, walimu waliosajiliwa na hawajaajiriwa wamepita laki tatu. Kinachopungua ni fedha za kuwaajiri. Kumleta mtu asiyesomea kazi hii hakupunguzi tatizo hilo hata kidogo.

2. Saa za mgeni ni tupu, za mtoto zimejaa

Hili ndilo ninalotaka lisomwe polepole. Ushauri wa "jaza muda" unazungumza kana kwamba katika shule kuna wakati mmoja tu, wakati wa mgeni, nao uko wazi. Lakini klabu ya kusoma haikusanyiki bila watoto. Nyimbo zinahitaji waimbaji. Je, watoto hao wanatolewa wapi?

Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka 2015 zimeweka masomo ya darasani kati ya saa mbili asubuhi na saa tisa na nusu alasiri, kisha shughuli za nje ya darasa hadi saa kumi na dakika 45. Kila saa imepewa kazi. Mgeni akiwaita watoto saa ya chakula, amechukua mapumziko ambayo mtoto aliyetembea kilomita kadhaa asubuhi anayahitaji ili aweze kusikiliza mchana. Akiwaita saa ya michezo, amechukua mpira, riadha, ngoma na uigizaji. Akiwachelewesha jioni, amemchelewesha msichana wa Shinyalu au Khwisero ambaye nyumbani anasubiriwa na mtungi wa maji, kuni na ndugu wadogo, na ambaye atakwenda njia hiyo giza likiingia.

Sehemu kubwa ya kile kinachoitwa kujaza muda hukatwa kutoka somo la Sanaa Bunifu na Michezo, kwa sababu walimu wakuu hulihesabu kuwa somo linaloweza kuahirishwa. Katika kaunti iliyomlea mchezaji baada ya mchezaji wa taifa kupitia Kakamega School, ambayo timu yake, Green Commandos, tunaishangilia sote, tunakubali mtoto wa shule ya msingi atolewe uwanjani akarudie majina ya rangi mbele ya mgeni. Kama mwalimu wa hapa angefanya hivyo kila wiki, afisa wa elimu angemwita ajieleze.

Na watoto hawawezi kukataa. Mtoto wa Kakamega amelelewa kumheshimu mgeni na kumtii mwalimu, na huyu ni wote wawili kwa pamoja. Atakuja kwenye klabu, atatabasamu, atapiga makofi. Mgeni ataona tabasamu lile na kulihesabu kuwa ushahidi kwamba kazi yake inahitajika.

3. Gharama ya mtu asiyelipwa

Inasemwa kwamba mgeni hagharimu kitu. Aliyewahi kuwa naibu wa mwalimu mkuu katika shule yenye mgeni anajua jinsi ratiba inavyokatwa na kushonwa upya. Mwalimu wa zamu humsindikiza. Mwalimu wa Kiingereza hukaa nyuma ya darasa kutafsiri maagizo ambayo watoto hawakuyasikia vizuri, kisha wiki inayofuata hurudia somo lote. Hizo ni saa za mwalimu mwenye rundo la insha mezani ambazo hajazisahihisha.

Gharama kubwa zaidi humwangukia mwalimu wa BOM, yule anayelipwa na bodi ya shule kwa michango ya wazazi. Malipo yake ni madogo, yanachelewa, na hana ulinzi. Bodi inapokaa kuhesabu fedha na kuona kwamba kuna mtu anayefundisha Kiingereza bila kulipwa, kishawishi kiko wazi. Sihitaji kumtaja mtu wala shule. Walimu wanaosoma haya wanajua nazungumzia nini.

Tunazungumza haya katika nchi ambayo mwaka 2023 iliwapa walimu waliohitimu wa sekondari msingi mikataba ya mafunzo ya kazini kwa posho ya Sh20,000 kwa mwezi. Mwezi Aprili 2024 Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi iliamua kwamba utaratibu huo ulikiuka haki zao za kazi. Muhula wa pili ulipofunguliwa mwaka huo, waligoma na kuandamana, na ni Januari 2025 tu ambapo 46,000 kati yao waliingizwa katika ajira ya kudumu. Nauli ya ndege ya kwenda na kurudi kutoka Ulaya kwa kawaida inazidi posho ya miezi mitatu ya mwalimu huyo. Kabla hata ya kuhesabu ada anayolipwa wakala aliyempangia mgeni safari, fedha zilizotumika kumleta aje kukaa bure zingemweka darasani muhula mzima mwalimu anayejua kazi.

Kuna pia sheria, ambayo kila mtu huipita kimyakimya. Sheria ya Tume ya Huduma za Walimu ya mwaka 2012 inasema mtu asifanye kazi ya ualimu bila kusajiliwa. Kijana wa Navakholo aliyekosa cheti kimoja kidogo hurudishwa nyumbani na sheria hiyo. Mgeni huipita mlangoni bila kuulizwa. Mwalimu mkuu anayemkabidhi darasa mtu asiye na usajili anavunja sheria ambayo yeye mwenyewe angeitumia kumfukuza Mkenya.

4. Kiingereza cha kuzaliwa nacho

Hii ndiyo nguzo ya hoja yao: hata kama hajasomea ualimu, Kiingereza ni lugha yake, na watoto wakimsikia watasema kama yeye.

Anayefundisha Kiingereza Kakamega anafundisha watoto wanaokuja na Kikabras, Kiwanga, Kiisukha au Kiidakho nyumbani, na Kiswahili sokoni. Mtoto atachanganya b na p, d na t, kwa sababu lugha yake ya kwanza haizitenganishi kama Kiingereza kinavyozitenganisha. Atasema "he" akimaanisha dada yake, kwa sababu si Kiluhya wala Kiswahili kinachogawa wanaume na wanawake katika viwakilishi. Mwalimu aliyekulia katika lugha hizo anayajua makosa hayo kutoka ndani. Anajua lipi litajiondokea, lipi linahitaji zoezi, na lipi linatoka kwenye sarufi ya Kiswahili aliyofundishwa kipindi kilichopita. Mgeni anasikia kosa tu, analirekebisha kwa kulirudia kwa sauti, na kuendelea.

Katika shule za sekondari hali ni ngumu zaidi. Mtihani wa Kiingereza wa KCSE una karatasi tatu. Ya kwanza hupima uandishi wa kiuamilifu, kujaza nafasi na stadi za kuzungumza, ambazo zinapimwa kwa maandishi. Ya tatu inadai insha juu ya vitabu teule. Kwa watahiniwa wa miaka hii, riwaya ya lazima imekuwa Fathers of Nations ya Paul Vitta, na tamthilia ni The Samaritan ya John Lara. Nani kati ya wageni hao amevisoma? Nani anajua jinsi insha hiyo inavyogawiwa alama? Ndiyo maana shule husika hazithubutu kuwapa Kidato cha Nne, na ndiyo maana wanaishia kuimbisha watoto wa Gredi ya 2. Wale wadogo ndio waliokuwa na haki kuliko wote ya kupata mwalimu aliyefunzwa, kwa sababu hapo ndipo kusoma kunapojengwa au kuvunjika.

Tunao ushahidi wa kilichosaidia. Mpango wa Tusome ulipoenea nchi nzima kuanzia 2015, ulimpa kila mtoto wa madarasa ya kwanza kitabu chake cha Kiingereza na cha Kiswahili. Ulimpa mwalimu mwongozo wa kila somo, na ukawatuma maafisa wa mitaala kumtembelea darasani na kumwelekeza. Usomaji ulipanda. Walioupandisha ni walimu wetu wenyewe, katika madarasa yaleyale yenye watoto wengi, walipopewa vitabu na usimamizi. Fedha nyingi zilitoka Marekani na tulizihitaji. Hatukuhitaji Wamarekani wa kusimama ubaoni.

Wakinijibu kwamba mtoto wa kijijini anaona haya kuzungumza Kiingereza na anahitaji mtu wa kumlazimisha, nitawaelekeza Butere. Aprili 2025 wanafunzi wa shule ya wasichana ya Butere walikwenda Nakuru kwenye tamasha la kitaifa la maigizo na mchezo wa Echoes of War, ulioandikwa na Cleophas Malala, aliyekuwa seneta wa kaunti hii. Serikali ilikuwa imejaribu kuuzuia, mahakama ikaamuru uruhusiwe, mwandishi akakamatwa, polisi wakarusha mabomu ya machozi. Wasichana wakaimba wimbo wa taifa, wakaondoka. Hao hawakuogopa Kiingereza. Walikipata katika saa za uigizaji, zilezile ambazo washauri wa wageni huziona kuwa saa zisizo na kazi. Na kabla yao eneo hili lilimtoa Francis Imbuga, mzaliwa wa Wenyange, ambaye Betrayal in the City yake ya 1976 imesomwa na vizazi vya wanafunzi wa Kenya. Mtoto anayeambiwa kila Julai kwamba Kiingereza cha kweli kinashuka kwenye ndege anafundishwa kuudharau urithi huo, pamoja na mwalimu anayesimama mbele yake miezi tisa ya mwaka.

5. "Hata zamani walikuja"

Wazee hukumbusha kwamba walifundishwa na Waingereza na Wamarekani, na wakafaulu. Ni kweli, na mfano huo unanisaidia mimi. Mwaka 1961, mpango wa Walimu kwa Afrika Mashariki ulianza kuleta Wamarekani kupitia Chuo cha Ualimu cha Columbia. Wasiosomea ualimu walipitishwa kwanza Makerere wakapata diploma. Peace Corps walifuata Kenya ilipokwisha kujitawala, wengi wakaenda shule za sekondari, zikiwemo za harambee. Serikali iliwapeleka mahali ambapo kiti kilikuwa kitupu kwa sababu Wakenya wenye shahada walikuwa wachache mno. Walikaa miaka miwili au zaidi, wakiwa na mzigo kamili wa vipindi. Swali la kujaza saa halikuwapata.

Sababu ile imekwisha. Peace Corps waliposimamisha kazi zao nchini mwaka 2014 kwa ajili ya usalama, hakuna shule ya Kakamega iliyoacha kufundisha Kiingereza. Anayeutumia mfano wa 1965 kutetea ziara ya wiki sita anaazima heshima ya kazi ambayo mgeni wake hakuifanya.

6. Saa ambazo hakuna anayezisimamia

Hili linasemwa kwa nadra kwa sababu linaonekana kumtuhumu kila mgeni. Simtuhumu kila mgeni. Nazungumzia utaratibu. Shughuli iliyobuniwa ili kujaza muda haina jina kwenye ratiba, haina mwalimu mwenza, na hufanyika wakati walimu wengine wameketi au wamekwenda nyumbani. Mtu mzima ambaye hakuna aliyechunguza rekodi yake anaachwa peke yake na watoto wanaomwona kama zawadi.

Mwingereza Simon Harris aliendesha shirika lililowaleta vijana wa Uingereza kufundisha katika shule za eneo la Gilgil. Mwaka 2015 mahakama ya kwao ilimfunga zaidi ya miaka 17 kwa kuwadhulumu kingono wavulana wa Kenya. Kwa miaka alikuwa ameheshimiwa kama mfadhili. Mwalimu wa Kenya anafungwa na waraka wa TSC nambari 3 wa mwaka 2010 unaohusu kuwalinda wanafunzi, na akiukiuka jina lake linafutwa kwenye sajili. Asiye kwenye sajili hana jina la kufutwa. Kila mwalimu mkuu anayesema "mwache awachukue watoto, hana kazi" anapaswa kufikiria hilo kabla ya kumaliza sentensi.

7. Afanye nini basi?

Nimeulizwa swali hili na watu wenye nia njema. Jibu langu halimpi mgeni klabu.

Mwalimu mkuu akiandikiwa na wakala, aulize kwanza ni kipindi gani kisicho na mwalimu. Kama hakipo, amjibu kwamba nafasi haipo, na kwamba kama mgeni ana fedha za safari, bodi ya shule ina akaunti na mwalimu wa BOM anayedai malipo ya miezi iliyopita. Jibu hilo ni halali kabisa kumpa mzungu. Mwenye shahada ya ualimu na nia ya kukaa mwaka mzima aombe usajili wa TSC na kibali cha uhamiaji, apangiwe kama walimu wengine, na akaguliwe kama wao.

Na yule aliyekwisha fika, aliyeko sasa hivi katika chumba cha walimu huko Matungu au Likuyani akiwa na alasiri nzima mbele yake, asiwaguse watoto waliomo uwanjani. Amwendee mwalimu wa Kiingereza, amwombe nusu ya lile rundo la insha. Ziko sitini za Gredi ya 9, na nyingine sitini zinakuja Ijumaa. Akae upande wa pili wa meza, asahihishe kwa mwongozo wa alama atakaopewa na mwalimu yule, na kila asipoelewa kosa la mtoto aulize. Kazi hiyo inachosha, haipigwi picha, na mwalimu wa zamu ataweza kumwona kutoka mlangoni.